Naomba ushauri: mtoto wangu ana kisukari, na kanisa letu linapinga matibabu ya serikali

MamaWawili (mwanzisha uzi)

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Ninaandika nikiwa na mzigo moyoni, na ninaomba mnijibu kama watu mnaolijua Neno na mnaoyajua pia maisha ya huku Marekani.

Mume wangu aliacha kazi ya ghala mwezi wa tatu ili aendeshe lori lake mwenyewe, na bima tuliyokuwa tukiipata kupitia mwajiri ikakoma. Tuna watoto wawili, wote wamezaliwa huku. Wa pili ana miaka sita, na tangu akiwa na miaka mitatu ana kisukari cha aina ya kwanza. Wenye mtoto wa namna hii mnajua: saa nane usiku ninaamka kutazama sukari yake, na nikikuta imeshuka ninamkalisha kitandani, macho bado yamefumba, ninamshikia kikombe cha juisi mpaka amalize. Kwenye jokofu zimebaki chupa mbili za insulini.

Muuguzi wa shuleni alinipa fomu ya kumwandikisha Medicaid, mpango wa serikali wa kuwalipia matibabu wenye kipato kidogo. Nimeijaza yote, imebaki sahihi. Kinachonizuia ni mafundisho ya kanisani. Mchungaji wetu, ambaye alitupokea tulipokuwa hatuna hata godoro na ambaye ninamheshimu kama baba, anafundisha kwamba Mungu aliikabidhi familia na kanisa kazi ya kuwatunza wagonjwa, wala hakuikabidhi serikali; kwamba fedha inayochukuliwa kwa nguvu ya sheria haiwezi kuitwa upendo; na kwamba mipango ya matibabu ya serikali inagharimia mambo yanayoua uhai. Anatushauri tujiunge na mpango wa Wakristo wa kuchangiana gharama za matibabu, na mume wangu anakubaliana naye. Je, nikitia sahihi nitakuwa nimemkosea Mungu, au nimewavunjia heshima mume wangu na mchungaji?

Ndugu_Mlinzi

Dada, pole sana kwa kuuguza. Nitakujibu waziwazi kwa sababu naona wengi watakuja hapa kumbeza mchungaji wako, na hastahili kubezwa.

Serikali ikishakulipia, itataka pia kukuamulia. Sheria kubwa ya afya ya mwaka 2010 ilifuatiwa na kanuni zilizowataka waajiri wagharimie njia za uzazi wa mpango katika bima za wafanyakazi wao, bila kujali dhamiri zao. Kampuni ya Hobby Lobby, inayomilikiwa na familia ya Kikristo, ililazimika kufika Mahakama Kuu ya nchi hii mwaka 2014 ndipo ikapata haki yake. Masista wa Little Sisters of the Poor, ambao kazi yao ni kuwatunza wazee maskini, walifika mbele ya mahakama hiyohiyo mwaka 2016 na tena mwaka 2020. Ni masista waliotumia miaka mahakamani wakiomba tu waachwe wahudumu bila kutenda wanachoamini kuwa ni dhambi! Kwa hiyo mtu anayekuonya kuhusu mkono wa serikali ana sababu. Ushauri wangu ni kwamba mjiunge na mpango wa kuchangiana, kisha mmwamini Mungu.

Nesi_wa_Zamu

Mama, mimi ni muuguzi, na ni mtu niliyeokoka ninayepinga utoaji mimba kwa moyo wangu wote. Naomba nikuelekeze kwenye mambo mawili ambayo ni lazima uyajue kabla hujaamua.

La kwanza ni hiyo mipango ya kuchangiana. Ni mizuri kwa familia nyingi, na sheria ya 2010 iliwaondolea wanachama wake adhabu ya kutokuwa na bima, ambayo serikali kuu iliitoza hadi mwaka 2018, mradi mpango wenyewe uwe umekuwapo mfululizo tangu tarehe 31 Desemba 1999. Lakini mpango huo si bima. Haufungwi na sheria kukulipa. Wewe unalipwa kwa sababu wenzako wamechanga, na kwa kufuata mwongozo wao wenyewe. Mingi kati ya hiyo huweka mipaka kwa ugonjwa ambao mtu alikuwa nao kabla ya kujiunga. Ugonjwa wa mwanao una miaka mitatu. Pigeni simu leo, mwulize jambo hilo moja kabla ya mengine yote, na mwombe mwongozo kwa maandishi. Medicaid haiwezi kumkataa mtoto kwa sababu alikuja akiwa tayari mgonjwa.

La pili ni dhamiri. Tangu mwaka 1976 Bunge limekuwa likiweka katika bajeti sharti linaloitwa Hyde, linalokataza fedha za serikali kuu kulipia utoaji mimba, isipokuwa, kwa namna lilivyo sasa, pale uhai wa mama ulipo hatarini au mimba inapotokana na kubakwa au na maharimu. Ni kweli kwamba baadhi ya majimbo hutumia fedha yake yenyewe kulipia zaidi ya hapo, na kulipinga hilo kwa kura na kwa sauti ni haki yetu kama Wakristo. Ila insulini ya mtoto haina damu ya mtu. Hospitali za Kikatoliki, ambazo hazitoi mimba kabisa, huwatibu watoto wa Medicaid kila siku na kulipwa kwa mpango huohuo.

Jambo dogo la kiutendaji: maombi ya Medicaid hayana msimu, unaweza kuyapeleka mwezi wowote. Mapato yakionekana kukizidi kidogo kiwango cha Medicaid, kuna mpango wa watoto ulioanzishwa mwaka 1997, unaoitwa CHIP.

Ndugu_Mlinzi

Nesi, ninakushukuru, hilo la ugonjwa wa awali sikulifikiria. Hata hivyo swali la msingi linabaki: je, kodi ni upendo?

Mzee_wa_Baraza

Kijana wangu, kodi si upendo, na hakuna aliyesema ni upendo. Lakini tazama Walawi 19, ambapo mwenye shamba anaagizwa asivune pembe za shamba wala asiokote masazo, ili maskini na mgeni wapate kula. Mwenye shamba hakuulizwa kama moyo wake umemsukuma. Ilikuwa sheria ya taifa zima, na sadaka ya hiari ilibaki pale pale.

Mama MamaWawili, mimi ni mhafidhina wa siku nyingi, na fundisho la mchungaji wako ninalikubali. Papa Pius XI aliliandika kwa namna yake mwaka 1931 aliposema kwamba chombo kikubwa kisiinyang'anye jamii ndogo kazi inayoiweza. Askofu Basil wa Kaisaria, katika karne ya 4, alijenga mahali pa kuwatibia maskini. Kanisa lilikuwa kazini muda mrefu kabla ya wizara yoyote ya afya.

Ila soma tena maneno hayo: kazi *inayoiweza*. Fundisho hili lina sharti ndani yake. Waamish, Wakristo wa huku wanaoishi kwa jumuiya zao wenyewe, waliojiajiri waliruhusiwa mwaka 1965 wasilipe kodi ya hifadhi ya jamii wala ya Medicare, yaani bima ya serikali ya matibabu ya wazee, lakini kwa masharti kwamba hawatadai mafao, na kwamba jumuiya yao iwe kweli inawatunza watu wake. Nao hulipiana hospitali, huuza mifugo, hukusanyana. Huo ndio uhafidhina kamili. Galatia 6 inatuagiza tuchukuliane mizigo, na mistari michache baadaye inasema kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Furushi ni kazi ya mumeo barabarani. Insulini ya kila mwezi, kwa miaka yote ya maisha ya mtoto, ni mzigo.

Kwa hiyo mwende pamoja na mumeo kwa mchungaji, kwa heshima, mkamwulize kama kanisa linaweza kuubeba mzigo huu, kwa kiasi gani, na kuanzia lini. Likiweza, mshukuruni Mungu. Lisipoweza, basi kwa fundisho lake lenyewe hakuna linalokuzuia. Na chupa ya mwisho isikukute bado unasubiri jibu.

MamaWawili

Wapendwa, nimerudi, na ninawashukuru wote, hata wewe Ndugu Mlinzi.

Jumatatu mume wangu alipiga simu mwenyewe kwenye ule mpango, nami nikiwa nimekaa karibu naye. Aliambiwa kwa upole kwamba kisukari cha mtoto hakitachangiwa kwa sasa kwa kuwa kilikuwapo kabla ya kujiunga. Alikata simu, akaenda kufungua jokofu, akasimama pale muda mrefu. Kisha akaniambia nilete fomu, akaisoma ukurasa kwa ukurasa, na tukaituma usiku uleule.

Jumatano tulikwenda kwa mchungaji. Hajabadilisha msimamo wake kuhusu serikali, na hatukumwomba aubadilishe. Alituuliza insulini, vijiti vya kupimia na vifaa vingine hugharimu kiasi gani kwa mwezi kwa mtu asiye na bima, maana hakuwahi kujua. Ameniomba nimwandikie yote kwenye karatasi kabla ya kikao cha wazee cha Jumamosi, na sasa hivi nimezitandaza risiti mezani ninazijumlisha.