Ushauri: Nimebaki na watoto wawili wa marehemu dada yangu, nianzie wapi kabla ya shule kufunguliwa Januari?

Mama Mdogo wa Pasua

Wapendwa, habari za jioni. Ninaishi Pasua hapa Moshi na ninauza nguo za mitumba katika soko la Memorial. Dada yangu alifariki mwezi wa nne, akaacha mtoto wa miaka sita anayetakiwa kuanza darasa la kwanza Januari, na mwingine wa miaka mitatu. Yule mkubwa alikuwa akiishi Kibosho kwa bibi yake tangu alipoacha kunyonya, kwa sababu mama yake alikuwa ameajiriwa hotelini Arusha. Baada ya mazishi wote wawili walibaki kwa bibi, lakini miguu yake haina nguvu tena ya kumfuata mtoto mdogo migombani, kwa hiyo sasa ninao mimi pamoja na watatu wa kwangu.

Baba yao yupo Arusha, ni dereva wa magari ya watalii. Hawakufunga ndoa, ingawa waliishi pamoja. Jina lake lipo kwenye cheti cha kuzaliwa cha mkubwa. Mdogo hajapatiwa cheti. Tangu msiba hajatuma chochote, na kila nikimpigia ananiambia nisubiri msimu uchangamke.

Nina mambo matatu ya kuuliza. Kuna mama mwenzangu sokoni anayenishawishi nichukue mkopo wa marejesho ya kila wiki, huu tunaouita kausha damu, ili ninunue sare na vifaa. Halafu mama yangu ni mnufaika wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, na mtoto mkubwa ameandikwa katika kaya yake. Jirani ananiambia nisiseme lolote, jina libaki kule. La mwisho, na ndilo linalonielemea kuliko mengine, ndugu wa upande wa baba wanasema nikikanyaga ofisi ya ustawi wa jamii nitakuwa nimewashitaki, nao hawatawatambua watoto tena. Naombeni ushauri.

Mhasibu wa Kikundi, Majengo

Pole sana kwa msiba, dada, na hongera kwa kuwapokea watoto.

Ninakusihi usichukue ule mkopo. Mkopo wa wiki unaweza kubebwa na bidhaa inayozunguka, yaani ukinunua mzigo leo na kuuza kabla ya rejesho kufika. Sare ya shule haizunguki, na rejesho la kwanza linadaiwa wiki inayofuata. Isitoshe, wewe unajua kuliko mimi kwamba Januari wateja wa mitumba hupungua, kwa kuwa kila mzazi anakimbizana na mahitaji ya shule. Nimeshuhudia wanawake wakikopa kwingine ili kuziba rejesho la kwanza, na kilichofuata ni kuchukuliwa kitanda na jiko.

Ikiwa upo katika VICOBA, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, soma katiba ya kikundi chenu juu ya mfuko wa jamii. Vikundi vingi hutenga fedha hiyo kwa ajili ya ugonjwa, msiba na dharura za shule, na wengine huitoa bila riba kabisa. Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, haina riba, lakini hutolewa kwa kikundi kilichosajiliwa chenye mradi, na hatua zake haziwezi kukuwahi Januari. Uifikirie kwa ajili ya biashara yako baadaye.

Kuhusu shule yenyewe, ada katika shule za msingi za serikali ilikwisha kuondolewa. Kilichobaki juu yako ni sare, viatu, madaftari na chakula. Mshonee mtoto sare moja sasa, kabla mafundi hawajaelemewa.

Kijana wa Machame

Dada, kwa heshima zote, mimi ningeanza na ukoo. Sisi huku mtoto anajulikana kwa kihamba, yaani shamba la ukoo, cha baba yake, na ukimwanzia mtu serikalini kabla wazee hawajaketi, hata yule aliyetaka kukusaidia atanyamaza. Omba kikao. Mwende na mjomba wa watoto, mzungumze na babu yao au baba yao mkubwa. Mahakama inaweza kumlazimisha mtu kutoa fedha, lakini haiwezi kumlazimisha kumkaribisha mtoto nyumbani Krismasi, wakati ukoo mzima umepanda mlimani.

Afisa Mstaafu

Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii kwa muda mrefu, kwa hiyo mniwie radhi nikiandika kwa urefu.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haimwondolei mzazi wajibu wa matunzo kwa sababu tu hakufunga ndoa. Mtoto, yaani mtu yeyote aliye chini ya miaka 18, ana haki ya chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu kutoka kwa mzazi wake, na ndugu anayemlea anaweza kuomba amri ya matunzo kwa niaba yake. Mahakama ikifika hapo huangalia kipato cha wazazi, watoto wengine wanaomtegemea huyo baba, na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi.

Lakini ofisi ya ustawi wa jamii haianzi na mahakama, na hapa ndipo ninapotofautiana na kijana wetu wa Machame. Afisa humwita baba, mnaketi, mnakubaliana kiasi na namna ya kulipa, mnaandika na kutia saini mbele yake. Kesi hufuata pale tu mtu anapokataa wito au anapovunja makubaliano. Wazee wa ukoo wanaweza kuhudhuria, na mimi nilipenda wahudhurie, kwa maana aliyeahidi mbele ya baba yake mkubwa huona aibu kukana. Kwa kuwa baba huyu ni dereva wa watalii, msikubali jibu la kusubiri msimu. Kubalianeni kiasi kidogo kisichokatika miezi ya mvua, kiongezeke kuanzia Juni watalii wanapojaa. Mtoto anakula hata Aprili.

Kuhusu TASAF, usifiche. Ruzuku ile hulipwa kwa kuangalia watu waliomo katika kaya, na sehemu yake hutegemea mahudhurio ya mtoto shuleni na kliniki. Mtoto akiandikishwa shule ya Moshi mjini huku jina lake likisubiriwa Kibosho, atakayeulizwa ni mama yako. Atoe taarifa kwa kamati ya usimamizi ya jamii ya kijijini kwake. Kuondoka kwa mtoto hakumfuti bibi katika mpango. Hubadilisha taarifa za kaya, na ruzuku inaweza kupungua. Wewe mwenyewe usitarajie kuandikishwa mara moja, kwa kuwa kaya mpya hutambuliwa katika mkutano wa mtaa kwa vipindi maalumu.

Sasa nina swali ambalo hakuna aliyekuuliza. Umesema marehemu alikuwa ameajiriwa hotelini. Je, alikuwa akichangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii?

Mama Mdogo wa Pasua

Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Nimefungua begi lake leo na nimekuta kadi ya NSSF pamoja na hati za mshahara zinazoonyesha makato. Sikuwa nimelifikiria kabisa. Je, fedha hiyo inadaiwa na nani? Baba yao akisikia atasema ni yake.

Afisa Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Michango ya mwanachama aliyefariki haipotei. Kuna mafao ya urithi kwa wategemezi, na watoto wadogo wamo. Kiasi na namna ya kulipwa hutegemea alichangia kwa muda gani, kwa hiyo nenda ofisi ya NSSF ukiwa na kadi ile na cheti cha kifo, wakueleze wanachohitaji kwa hali yake. Pakihitajika msimamizi wa mirathi, ukoo wa marehemu huketi, huandika muhtasari wa kikao na kupendekeza mtu, kisha mahakama ndiyo inayomthibitisha. Baba hawi mrithi kwa sababu tu alizaa na marehemu. Kama anadai kuwa alikuwa mume, ayathibitishe hayo mahakamani. Msimamizi yeyote atakayeteuliwa, hata ukiwa wewe, hushika mali kwa ajili ya warithi na hutoa hesabu mahakamani. Ukikwama katika uandishi, KWIECO hapa Moshi husaidia wanawake kwa mambo ya kisheria.

Mwalimu wa Rau

Niongeze dogo tu. Nenda shuleni sasa na cheti cha mkubwa, usingoje Januari. Cheti cha mdogo kishughulikie kwa ofisi ya wilaya ya RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kwa maana NSSF nao watakitaka. Akiugua kabla hajatimiza miaka mitano, sera inasema atibiwe bure katika kituo cha serikali; kadi ya kliniki itembee naye daima.

Kijana wa Machame

Mzee, nimekuelewa. Sikujua kwamba wazee wanaweza kuketi katika kikao cha ustawi. Dada, ukihitaji mtu wa kuzungumza na upande wa baba kwa lugha ya nyumbani, nitafute kwa ujumbe.

Mama Mdogo wa Pasua

Mkopo nimekwisha kuukataa. Jumamosi ninapanda Kibosho kumweleza mama habari ya TASAF, na kaka yetu ataitisha kikao cha ukoo siku hiyohiyo. Swali moja limebaki: baba yao akikubali kutoa matunzo lakini akataka kumchukua mkubwa peke yake, nimjibu nini?

Afisa Mstaafu

Mjibu kwamba hilo lizungumzwe mbele ya afisa ustawi, na msilikubali kwa simu. Kutoa matunzo hakumpi mtu haki ya kuchagua mtoto wa kuondoka naye. Kinachotazamwa ni maslahi ya mtoto, ikiwa ni pamoja na kutowatenganisha ndugu bila sababu, na mtoto wa miaka sita husikilizwa pia. Nenda na watoto wote wawili siku ya wito.