Shamba la Kisimani (kikundi cha ukoo, watu 23)

IJUMAA

Da Zuhura: Asalaam aleikum wote. Narudia mara ya nne. Mpimaji anakuja shambani Jumatatu saa tatu asubuhi. Nataka watu wanne wa kusimama mpakani na elfu thelathini kila nyumba. Waliotoa mpaka sasa ni Rehema na mimi mwenyewe.

Da Zuhura: Tiki za buluu naziona. Mmesoma.

Kassim (Vancouver): Waleikum salaam dada. Nilikuwa nawatembeza watoto. Hapa mjini kwetu, jimbo la Washington, kuna ngome ya kale inaitwa Fort Vancouver. Mataifa mawili, Marekani na Uingereza, yaligombea mto kwa sababu ya ngozi za mnyama. Nikalikumbuka shamba.
[picha 3]

Da Zuhura: Kassim, hela.

Abdul (Maskati): mnyama gani huyo mbona panya buku mwenye kitambi

Kassim (Vancouver): Biva. Anakaa mtoni, anaangusha miti kwa meno, anajenga bwawa. Manyoya yake ya ndani ndiyo yaliyokuwa yakitengeneza kofia za mabwana wa Ulaya.

Abdul (Maskati): watu wamegombea kofia. sisi angalau minazi 😂

Shemeji Rehema: Sasa nani alifika kwanza?

Kassim (Vancouver): Hapo ndipo penye kesi shemeji. Robert Gray, nahodha wa Kimarekani, alikuwa akinunua ngozi za fisi-maji wa baharini akauze Canton, China. Mei 1792 akavuka mlango wa mto, akaupa jina la merikebu yake, Columbia. Marekani wakasema mto wetu. Oktoba mwaka huohuo Mwingereza, Broughton, akapiga makasia kama maili 100 kwenda juu. Naye akasema Gray aliishia mlangoni, ile ni ghuba tu, mto wenyewe nimeufikia mimi.

Abdul (Maskati): huyo Ba'mdogo Salehe mtupu. "nyie mliishia kisimani, bondeni nimelima mimi"

Hemedi: Abdul, baba yangu usimtie kwenye utani wako.

Da Zuhura: Jamani. JUMATATU. Nani anasimama upande wa kisima?

Abdul (Maskati): Gray

Kassim (Vancouver): 😂 Ngoja sasa. 1811 tajiri Astor wa New York akatuma watu wajenge kituo cha biashara pale mlangoni, Astoria. Julai, David Thompson wa kampuni ya Montreal akashuka na mtumbwi. Njiani keshasimamisha mti na karatasi yake, nchi hii ni ya Uingereza. Kufika baharini anawakuta watu wa Astor wanajenga.

Shemeji Rehema: Bikoni ya karatasi!

Kassim (Vancouver): Tena sikilizeni hii. Vita vya 1812 vya Marekani na Uingereza vikaanza, watu wa Astor wakaingiwa na hofu, 1813 wakawauzia Waingereza kituo kizima. Mauziano ya halali kabisa. Desemba ikaja manowari ya Kiingereza. Nahodha akavunja chupa ya divai kwenye mlingoti, akatangaza ameiteka, iitwe Fort George. Kajichongea! Mkataba wa amani ukasema kilichotekwa vitani kirudishwe. Angeiacha iwe imenunuliwa tu, wenzake wangekuwa na la kusema. 1818 bendera ya Marekani ikapanda tena.

Da Zuhura: Eeh, hilo sasa ndilo la kwetu. Ba'mdogo bondeni alinunua au alipewa alime? Karatasi ya mauziano iko wapi? Hemedi?

Hemedi: Ipo kwa baba. Iliingia maji kidogo mwaka ule wa mafuriko.

Tatu: 🤐

Hemedi: Na tukianza karatasi tuanze na za nyumba ya Ngamiani.

Da Zuhura: Ya Ngamiani tuliyamaliza kwenye arobaini.

Hemedi: Mliyamaliza nyinyi.

Kassim (Vancouver): Na wao 1818 hawakumaliza. Walikubaliana nchi iwe wazi kwa wote wawili. Kampuni ya Hudson's Bay, ya Waingereza wa ngozi, ikaona kusini ya mto itakwenda kwa Marekani, ikahamia ukingo wa kaskazini 1825, ndiyo ngome hii niliyopiga picha. Na huko kusini, bonde la mto Snake, ikaagiza watu wake wamalize biva. Wasiache hata wa mbegu. Mtegaji wa Kimarekani akija asikute kitu, arudi alikotoka.

Shemeji Rehema: Yaani makusudi?

Kassim (Vancouver): Makusudi. Walitaka pawe jangwa.

Tatu: Kama minazi kumi na saba.

Hemedi: Ujumbe huu umefutwa

Hemedi: Minazi ile ilikuwa na ugonjwa. Bwana shamba mwenyewe alisema ikatwe.

Tatu: Ugonjwa gani unafuata mstari wa mpaka, kutoka kisimani hadi barabarani, mmoja hauruki?

Abdul (Maskati): ikawasaidia hao wa kofia?

Kassim (Vancouver): Wapi. Waliokuja baadaye hawakutaka biva, walikuja na plau na ng'ombe. 1843 tu walifika kama 1,000 kwa magari ya kukokotwa. 1846 ukachorwa mstari wa mpaka kwenye latitudo ya digrii 49, na ngome ya kampuni ikajikuta ndani ya Marekani. Hata hapo wakabakiza visiwa vya San Juan. 1859 nguruwe wa kampuni akala viazi vya Mmarekani, akapigwa risasi, pande zote zikaleta askari. Mwisho Kaiza wa Ujerumani ndiye aliyeamua, 1872. Aliyekufa ni nguruwe tu.

Abdul (Maskati): Da Zuhura mpimaji wa nini, tumuite Mjerumani, Tanga anaijua

Da Zuhura: ABDUL.

JUMAMOSI

Asha (simu ya Bibi): Bibi nimemsomea yote. Anauliza, huko mtoni kabla ya hao wa merikebu hapakuwa na watu?

Kassim (Vancouver): Shikamoo Bibi. Walikuwepo, Wachinook. Mkubwa wao, Concomly, aliwauzia ngozi Wamarekani na Waingereza vilevile. Kwenye mikataba yote hiyo hakuitwa mtu wa kwao. 1830 ikaingia homa, wengi wanasema ni malaria, ikawamaliza sana. Na yeye akafa mwaka huohuo.

Asha (simu ya Bibi): Marahaba.
[sauti 2:41]

Asha (simu ya Bibi): Kwa ambao hamwezi kusikiliza. Bibi anasema, babu yenu alipohamia pale kutoka Mkwaja nilikuwa naye, nina mimba ya Salehe. Kisima tulikikuta. Alikichimba Mzigua mmoja, Mzee Mhina. Akatupa maji, akatuonyesha pa kulima. Minazi mitatu ya kwanza ni mkono wake, na hatukumlipa hata senti. Wajukuu zake wako Mwera. Bikoni isichomekwe hata moja mpaka waitwe. Salehe nitasema naye mimi.

Da Zuhura: Shikamoo Bibi. Tumesikia.

Da Zuhura: Ila mpimaji nimeshampa nusu ya hela.

Shemeji Rehema: Minazi mitatu, ni ile iliyobaki?

Tatu: Ndiyo hiyohiyo.

Kassim (Vancouver): Dada nimetuma elfu sitini, yangu na ya Abdul. Atanilipa.

Abdul (Maskati): nani kasema

Da Zuhura: Mwera nani ana namba ya mtu? Yeyote.

Hemedi: Baba anasema Jumatatu ana kliniki.

Da Zuhura: Kwa hiyo Jumatatu ipo au haipo? Asha, muulize Bibi.

Asha (simu ya Bibi): Kalala.

Mjomba Shaabani: Waleikum salaam. Mpimaji anakuja lini?