HELOC Texas: historia ya mikopo ni fupi, nianzie wapi?

mwanaHouston
Wakuu, naomba mwongozo. Nataka kufungua HELOC (laini ya mkopo inayodhaminiwa na nyumba, unachota kadiri unavyohitaji) kwa ajili ya paa na kiyoyozi, kama dola 30,000 hivi. Mkopo wa nyumba nimeulipa miezi 30 bila kuchelewa, salio ni 214,000. Tovuti za nyumba zinasema inafikia 310,000. Kadi ya mkopo ninayo moja tu, ya miezi 7, kikomo 500. Gari nalilipa 410 kwa mwezi kwa muuzaji mwenyewe, imebaki miezi 7. Mkopo wa nyumba pamoja na kodi ya mali na bima ni 1,720 kwa mwezi, mshahara kabla ya makato ni 5,400. Programu ya simu inanipa alama za mkopo 690. Nitapita?

karani_wa_faili
Mkuu, historia fupi si historia mbaya. Miezi 30 ya mkopo wa nyumba ndiyo shahidi wako mkubwa. FICO (alama za mkopo zinazotumiwa na wakopeshaji wengi) inataka angalau akaunti moja iliyofikisha miezi 6 na taarifa iliyopelekwa ndani ya miezi 6 iliyopita, na hapo umevuka. Kinachokuangusha ni uchache wa akaunti. Gari lako huenda halikusaidii kitu: wauzaji wengi wanaokopesha wenyewe hawapeleki taarifa popote, lakini deni lenyewe lazima ulitaje kwenye fomu.

Hiyo 690 usiitegemee. Programu nyingi za bure huonyesha VantageScore, alama za kampuni nyingine, wakati mkopeshaji kwa kawaida anavuta FICO, na zinaweza kupishana sana faili lako la mikopo likiwa jembamba. Ingia AnnualCreditReport.com, chukua ripoti zako za mikopo zote tatu (za kampuni za Equifax, Experian na TransUnion), ni bure kila wiki. Hakikisha mkopo wa nyumba unaonekana kwenye zote. Mkopo huo ukiwa umeuzwa kwa kampuni nyingine, ile ya zamani huandika "umehamishwa" na mpya inaweza kuchelewa kujitokeza. Ukiomba katikati ya hapo, anayepitia faili anaona kadi ya miezi 7 na basi.

Halafu kadi. Kwenye kikomo cha 500, salio la 300 ni 60%, na kiasi unachodaiwa ni 30% ya alama za FICO. Watu hulipa kwa tarehe ya mwisho wakidhani wamemaliza, kumbe benki nyingi hupeleka salio la siku taarifa ya mwezi inapofungwa. Lipa siku tatu kabla ya kufungwa, bakiza dola 20 hivi.

TexasHatiMiliki
Kabla ya alama, piga hesabu ya nyumba. Unapochukua HELOC, Katiba ya Texas hairuhusu madeni yote juu ya makazi yako yavuke 80% ya thamani. 310,000 × 0.80 = 248,000. Toa 214,000, unabaki na 34,000. Lakini hiyo 310,000 ni ya tovuti. Mthamini akisema 295,000, nafasi yako inashuka hadi 22,000, na paa chakavu linaweza kuwa sababu ya yeye kushusha. Mwonyeshe orodha ya matengenezo uliyokwisha kufanya, pamoja na risiti.

Mengine ya Texas ambayo mawakala wa majimbo mengine hawayajui:

- Kila unapochota ni dola 4,000 au zaidi. Kuchota kwa kadi hakuruhusiwi.
- Kusaini hakuwezi kufanyika kabla siku 12 hazijapita tangu uombe na kupewa notisi. Baada ya kusaini una siku 3 za kazi za kughairi, Jumamosi inahesabiwa.
- Mwenzi wako lazima asaini hata kama jina lake halimo kwenye hati. Hili ndilo linalokwamisha watu wetu, mume au mke akiwa safarini Mombasa au Lubumbashi.

dadaMahesabu
Mimi naona kikwazo ni gari, si alama. Sasa hivi 1,720 + 410 = 2,130, yaani 39% ya mshahara. Wakopeshaji wengi husimama kwenye 43%. Wengine hupima kana kwamba umechota laini yote: 30,000 kwa riba ya 8.5% miaka 20 ni kama 260 kwa mwezi. Jumla 2,390, ni 44%. Gari likiisha unashuka hadi 1,980, chini ya 37%. Subiri hiyo miezi 7, na kadi nayo itapita mwaka.

mwanaHouston
Asante dada. Paa linavuja ila linaweza kuvumilia kwa kiraka. Je, niombe kwa benki tano nione nani atakubali?

karani_wa_faili
Hapana. Kila ombi kamili linabaki limeandikwa kwenye ripoti yako kwa miaka 2. Anza na vyama vya akiba na mikopo, SACCO za huku. Baadhi yao hubaki na mikopo kwenye vitabu vyao wenyewe, kwa hiyo afisa ana nafasi ya kusoma faili kwa macho. Muulize kabla ya kuomba: alama ya chini ni ngapi, mnakubali bili za simu, umeme na bima za miezi 12 kama ushahidi? CRB ya Kenya (rekodi za mikopo za huko) na Fuliza (mkopo wa M-Pesa) usihangaike navyo, kwa kawaida havionekani huku.

Ukikataliwa, wanatakiwa kukujulisha ndani ya siku 30, na una haki ya kupewa sababu. Hiyo barua itunze. Ikisema "akaunti chache" ni jambo la kusubiri. Ikisema thamani ya nyumba haitoshi, hata alama 800 zisingekuokoa.

dadaMahesabu
Nyongeza moja: riba ya HELOC hupanda na kushuka. Kipindi cha kuchota, mara nyingi miaka 10, unaweza kulipa riba tu: 22,000 kwa 8.5% ni kama 156 kwa mwezi. Kikiisha, deni lilelile kwa miaka 10 linakuwa kama 273.