Mdogo wangu anakula unga (heroini). Tumfungie ndani?

Dada wa Magomeni: Habari za jioni jamani. Mdogo wangu ana miaka 23, alikuwa bodaboda. Pikipiki ya mkataba mwenyewe kaichukua kwa sababu hesabu hailetwi. Nilijua ni bangi tu. Ijumaa nafua nguo zake nikakuta karatasi za kete mfukoni, na fulana zote zina matundu ya moto wa sigara kifuani. Jana anakula wali, kichwa kikashuka taratibu mpaka karibu na mchuzi, kijiko bado kiko hewani. Mtungi wa gesi hauonekani. Mjomba anasema tumpeleke Korogwe afungiwe chumbani wiki mbili imtoke. Kuna aliyefanya hivi?

Mzee wa Keko: Mjomba yuko sahihi. Ongezeni na fimbo.

Kikombe cha Asubuhi: Dada shikamoo. Nimekula unga miaka tisa na nimefungiwa mara mbili, kwa hiyo najua. Arosto, yale mateso ya kukosa unga, inaanza siku hiyohiyo: miayo, kamasi, ngozi kama kuku aliyenyonyolewa, halafu kuharisha na mifupa kuvutwa. Siku ya pili na ya tatu utamtukana hata mama yako. Wiki ikiisha mwili unatulia, ndugu wanashangilia.

Hatari iko hapo. Mwili umeshasahau kipimo, kichwa bado kinakikumbuka. Akirudi mjini akagonga kiasi kilekile cha zamani, pumzi inakata. Mshkaji wetu wa maskani alitoka jela asubuhi, jioni tukamkuta chooni, midomo imeiva bluu, bomba la sindano liko mkononi. Tulikimbia, tuliogopa polisi. Sijui kama alikuwa ameshakufa.

Mpeleke kliniki ya methadoni, dawa ya hospitali inayoshika nafasi ya unga. Muhimbili walianza 2011, na Mwananyamala ipo, hapo kwenu ni pua na mdomo. Ni bure. Wanapima VVU, homa ya ini na kifua kikuu, kisha unapewa dawa ya maji, unakunywa kila siku nesi akikuangalia. Arosto haiji, stimu nayo hamna. Asichanganye na pombe wala vidonge vya usingizi, hapo atalala moja kwa moja. Na muulize, bila ukali: anavuta au anajidunga?

Mzee wa Keko: Kwa hiyo mnatoka kwenye unga mnahamia dawa nyingine. Hongereni.

Kikombe cha Asubuhi: Ndiyo mzee wangu, mwaka wa nne huu. Unga ulikuwa unanidai mara tatu kwa siku, na mara zote tatu nilikuwa naiba. Kikombe cha methadoni kinanidai mara moja, nikitoka pale nakwenda kukaanga chipsi zangu.

Dada wa Magomeni: Nimemuuliza. Alilia kwanza. Anavuta kokteli, yaani unga uliochanganywa kwenye msokoto wa bangi, anasema sindano bado, na mtungi kauza elfu kumi na tano. Jumatatu amekubali, ila twende alfajiri wa kijiweni wasimwone.

Kikombe cha Asubuhi: Mimi hufika saa moja. Siku yangu ya kwanza niliandikishwa na kuhojiwa tu, dawa sikupata, kwa hiyo usiku arosto ikimshika msishangae: maji mengi, uji, blanketi. Aje na ndugu mmoja anayemwamini. Siyo mjomba.