Kumtupia ndege tope ili apigwe picha, huu ni ujinga gani?

Wadau, nina hasira tangu jana na leo nitasema.

Jumapili alfajiri tulitoka kuangalia ndege kandokando ya hori ya Tudor, Mombasa. Kipupwe, kusi lavuma, wengine wamekuja na masweta utadhani wako Limuru. Maji yamekupwa, tope liko wazi mpaka kwenye mikoko. Yangeyange, mdiria mmoja wawili, kunguru ndio usiseme.

Halafu nikamwona. Kajikunyata chini ya mkoko, kifua kimejaa michirizi mizito ya hudhurungi, mdomo mnene kuliko wa kulastara tuliowazoea, wale ndege wa jamii ya yangeyange. Mwili ulinisisimka. Kulastara wa Madagaska! Hawa kwao huzaliana kuanzia Oktoba hivi, weupe pe, mdomo wa buluu. Wakimaliza, baadhi yao huvuka bahari kuja huku Mei hadi Oktoba, wakiwa na hiyo hudhurungi. Wamo kwenye orodha ya ndege walio hatarini kutoweka. Miaka tisa napita hapo, sijapata kumwona hata mmoja.

Nikamnong'oneza kiongozi wetu. "Aa, huyo kulastara wa kawaida, bara wamejaa." Haya, tubishane, darubini tunazo, kitabu tunacho, na maji bado hayajaanza kujaa. Bwana mkubwa akamwambia kijana wake amrushe "tuone mabawa". Kijana akachota bonge la tope akalivurumisha!

Sasa mabawa yatakwambia nini wewe? Wote wawili wakiruka mabawa ni meupe! Tofauti iko kwenye michirizi na mdomo, na hivyo unavitazama ndege akiwa ametulia. Yaani hata huo ukatili wenyewe haukuwa na kazi.

Akaruka, kunguru watatu wakamwandama mpaka ng'ambo ya Mikindani. Kiumbe kavuka bahari nzima, riziki yake iko kwenye tope lile lile tulilomtupia, na saa chache baadaye limefunikwa na maji.

Nilipolalamika nikaambiwa, "Mama, usituletee maneno, watu wamelipa." Kwani mimi niliingia bure? Mia tano nilitoa!

Jioni nafungua grupu la WhatsApp, nakuta picha ya mabawa meupe: "Kulastara wa Madagaska, Tudor." Aliyemwona ni nani? Kiongozi! Yule yule wa "bara wamejaa".

Mia tano yangu naitaka.