Mrejesho: yule mtoto wa Gredi ya 5 aliyeitwa mvivu

Niliwauliza nimsaidieje mtoto wa hapa Kondele, Kisumu, ambaye hesabu za mdomo anawashinda wenzake lakini aya moja ya kusoma inamtoa jasho. Asanteni kwa majibu. Macho yamepimwa, yako sawa.

Tulimwekea kwenye kishikwambi programu ya kusoma kwa sauti, kila neno likiwaka linaposomwa. Maandishi tuliyapanga kwa mwongozo wa British Dyslexia Association, shirika la Uingereza linaloshughulikia disleksia (ugumu wa kusoma na kuandika): saizi 12 hadi 14, nafasi ya mistari 1.5, yaanzie kushoto, mandhari ya krimu. Nafasi ya mistari ndiyo iliyomsaidia hasa. Hiyo krimu sijaona kazi yake.

Kasheshe ilikuwa sauti. Ilikuja ya Kiingereza, ikafika kwenye "ng'ombe" ikakohoa, darasa zima likaangua kicheko. Tukapakua ya Kiswahili, na haili bando.

Siku hizi anasimamisha sauti, anapitisha kidole kwenye mstari, anarudia mwenyewe. b na d bado zinamchenga. Mwalimu naye amekubali ajibu sayansi kwa mdomo.

Sasa nawazia mitihani ya KNEC, lile baraza la mitihani la Kenya. Aliyewahi kumwombea mtoto kama huyu muda wa ziada, alianzia wapi?