Gari la haibridi au la umeme likipungua mwendo bila taa za breki kuwaka, kosa ni la anayefuata nyuma?

Mwenge_Tegeta: Wadau tuliseme hili waziwazi. Hizi Nissan, Note e-Power ya haibridi na Leaf ya umeme, zimejaa mjini, dereva akiachia mafuta tu gari linajikamata, maana mota inageuka jenereta na kurudisha chaji kwenye betri, na kule kuzungushwa ndiko kunakolizuia gari. Faida yake naijua, sibishi. Ila aliye nyuma anaona nini kama taa za breki hazijawaka? Ulaya wanayo kanuni, mwendo ukikatika zaidi ya mita 1.3 kwa sekunde kila sekunde, yaani spidi inashuka karibu kilomita 5 kwa saa kila sekunde moja, taa lazima ziwake hata mguu ukiwa mbali na breki. Lakini 2023 Wamarekani wakaikuta Ioniq 5 ya Hyundai inapungua mpaka karibu kusimama na taa zimezima, kisa mguu bado umegusa mafuta kidogo. China kiwango chao kipya cha breki hakitaki gari litoke kiwandani likiwa limepangwa kusimama kabisa kwa kuachia mafuta tu. Na sisi tuzuie. Tusifanye ukaidi wa madereva wa malori wanaoshuka mlima Kitonga kule Iringa na nyutro, yaani bila gia, huku wanajua wanachokifanya.

Gereji_Ilala: Kaka unachanganya magari. Leaf yenye e-Pedal, ile ya kuendesha na kusimama kwa kanyagio moja, taa zinawaka vizuri tu, na Note mpya hizi za kuanzia 2020 haisimami yenyewe, inatambaa, lazima ukanyage breki. Za 2016 ndio zilikuwa zinasimama kabisa. Barabara ya Bagamoyo watu wanagongana kwa sababu hawaachiani nafasi, IST ya petroli nayo inagongwa nyuma kila siku.

Semi_Tunduma: Mimi ya taa nawaachia wenyewe, nimekwama kwenye mstari wa mwisho wa mwenye mada. Ukaidi?? Umewahi kushuka Kitonga na tani 30 mgongoni wewe? Gia unayopandia ndiyo unayoshukia, hilo tumefundishwa tangu tukiwa utingo, unaweka gia nzito, unavuta breki ya ekzosi inayobana moshi wa injini ili ishike gari, ya mguu unaigusa na kuachia isije ikapata moto. Anashuka nyutro mmoja mnatukana ukoo mzima. Na msichokijua ni kwamba tajiri anakupa mafuta ya kupima, ukifika na pungufu unakatwa kwenye mshahara, sasa mtu anaokolea wapi kama sio mteremkoni?

Dada_Ilula: Kaka umesema ni mmoja halafu hapo hapo ukatupa sababu ya kwa nini ni wengi. Sisi tunaokaa huku juu tunayaona, tairi zinafuka moshi.

Semi_Tunduma: Moshi sio lazima nyutro dada yangu, moshi ni yule anayekalia breki mteremko mzima. Ulizeni kwanza ndio muandike.

Wa_Salgaa: Nyutro msiitetee hata kidogo. Huku kwetu Salgaa, Kenya, barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, malori yametuzikisha watu mpaka serikali ikajenga ukuta wa kutenganisha wanaopanda na wanaoshuka. Na chanzo ni hicho hicho, kubana dizeli.

Mwenge_Tegeta: Jamani mada ni taa.

Gereji_Ilala: Afadhali wamefika mteremkoni, maana hapo haibridi inanitia hofu kuliko hizo taa zako. Betri ya Prius ni ndogo, kama kilowati-saa 1.3, kwenye mteremko kama Kitonga inajaa mapema sana. Ikijaa haipokei tena, ule mkamato uliouzoea unapotea na breki za kawaida zinabeba gari zima, dereva hata hajui kimebadilika nini. Ndio maana kuna B pale kwenye gia, inaizungusha injini bila mafuta ili ishike gari. Wateja wangu wengi hawajawahi kuigusa. Na walio karibu na bahari ni shida zaidi, disiki ya breki haifanyi kazi mara kwa mara inaliwa na kutu, siku ya dharura ndio unaitegemea.

Kijana_Probox: Si ndio zile Toyota waliziita zirudi, zilikuwa zinakosa breki kwenye mashimo?

Gereji_Ilala: 2010, Prius na ndugu zake, zaidi ya 400,000. Ilikuwa programu ya ABS, ule mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki, ukipita kwenye rafu wakati kazi inahama kutoka mota kwenda breki za kawaida kunakuwa na kitambo kifupi unahisi breki imetoweka. Wakairekebisha.

Semi_Tunduma: Kwa hiyo hiyo B ndio gia nzito yetu ile ile. Wenye Prius wanashuka na D, betri imejaa, wamekalia breki na watoto wako siti ya nyuma, halafu mkaidi anayetajwa ni mimi. Mwenye mada nakusubiri uiondoe ile sentensi.

Mwenge_Tegeta: Siiondoi kaka. Na kuhusu taa hamjanijibu.